Walimu Watatu na Njia ya Oregon

(Hotuba kwa walimu wa historia, walimu wa hesabu na vijana wa kompyuta, Bagamoyo. Nimeiandika kutoka kwenye rekodi ya simu na kuondoa vicheko pamoja na matangazo ya chai.)

Ndugu mgeni rasmi, walimu wenzangu, wazee wetu mlioacha baraza zenu mkaja kusikiliza habari za magemu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Itifaki ihesabiwe imezingatiwa, maana muda niliopewa ni mfupi na baadhi yenu mnanijua nikishika kipaza sauti.

Kwenye ratiba nimeandikiwa "teknolojia na ufundishaji wa historia". Mada hiyo ni pana kama bahari ile hapo nje, kwa hiyo nitashika gemu moja tu na kuwafungulia jikoni kwake. Linaitwa The Oregon Trail, yaani Njia ya Oregon. Mmarekani aliyesoma shule ya msingi miaka ya 1980 au 1990, ukimtajia jina hilo, atacheka kwanza, kisha atakwambia ni nani katika familia yake ya kwenye kompyuta aliyefariki kwa kuhara damu.

Kwa wasiolijua: mwaka ni 1848. Una gari la turubai linalokokotwa na maksai, na watu watano pamoja nawe. Mnatoka mji wa Independence, jimbo la Missouri, mnaelekea bonde la Willamette huko Oregon, karibu na Pasifiki, mwendo wa kilomita 3,200 hivi. Unanunua chakula, risasi, nguo na magurudumu ya akiba. Halafu kazi yako ni kuamua. Twende mwendo wa kawaida au tukaze? Tule tushibe au tubane? Mto huu tuuvuke kwa miguu, tuligeuze gari kuwa mtumbwi, au tulipe kivuko? Njiani kuna surua, homa ya matumbo, kipindupindu, nyoka na wezi. Wengine hufika, wengine huzikwa. Gemu lenyewe ndilo hilo.

Sasa tuingie jikoni. Mwaka 1971, jijini Minneapolis, walikuwapo vijana watatu wa chuo cha Carleton kwenye mazoezi ya kufundisha, wa aina ile tunayoipokea sisi kila mwaka na kuitwisha vipindi tusivyovitaka wenyewe. Don Rawitsch alikuwa wa historia. Bill Heinemann na Paul Dillenberger walikuwa wa hesabu. Wote watatu walipanga nyumba moja. Rawitsch alitakiwa kulifundisha darasa la nane habari za wahamiaji waliokwenda magharibi, naye hakutaka watoto walale. Akachora ramani kwenye karatasi ndefu, akaitandaza sakafuni, akatafuta dadu na kadi za matukio. Wale wa hesabu waliporudi nyumbani wakaikuta pale chini, wakamwambia jambo hili ni la kompyuta. Muda uliobaki kabla ya kipindi ulikuwa kama wiki mbili.

Vijana, msiwaze kompyuta mnayoijua. Ile haikuwa na skrini. Shule ilikuwa na teletaipu, mashine ya chapa yenye kelele, iliyounganishwa kwa laini ya simu na kompyuta iliyokuwa mbali kabisa. Unaandika, unangoja, jibu linajichapa kwenye karatasi inayofunguka kutoka kwenye roli. Mashine hiyo iliwekwa katika kistoo kilichokuwa cha mfagizi, cha mafagio na ndoo. Humo ndimo Heinemann na Dillenberger walimoandika programu kwa lugha ya BASIC, na tarehe 3 Desemba 1971 darasa la Rawitsch likaanza safari.

Mtauliza, bila picha mtu anawindaje? Walipata ujanja ninaoupenda kuliko michoro yote iliyokuja baadaye. Kompyuta inakwambia uandike BANG, mlio wa bunduki, haraka uwezavyo, nayo inahesabu muda. Vidole vikiwa vyepesi, nyama imepatikana. Ukichelewa, au ukikosea herufi, mnyama kakimbia na kambi inalala njaa. Watoto wakagawana kazi bila kuambiwa na mwalimu: anayechapa haraka awe mwindaji, mwingine asome ramani, mwingine atunze hesabu ya pesa. Wakawa wanapanga foleni kabla ya masomo na kubaki baada ya kengele. Mwalimu yeyote hapa anajua thamani ya mtoto anayebaki baada ya kengele kwa hiari yake.

Muhula ukaisha. Rawitsch akauchapa msimbo wote, yaani maandishi ya programu, kwenye karatasi, na kwenye kompyuta ya shule programu ikafutwa. Karatasi ikakaa.

Mwaka 1974 akaajiriwa na MECC, shirika la jimbo la Minnesota lililoundwa mwaka 1973 ili shule, hata zile za mashamba, zipate kutumia kompyuta. Wakataka programu za kuwapa wanafunzi. Rawitsch akazikumbuka karatasi zake. Wikiendi ya sikukuu ya Shukrani, wenzake wakila bata mzinga, yeye akaiandika upya programu mstari kwa mstari kutoka kwenye ule mchapo.

Kisha akafanya jambo ambalo hasa ndilo lililonileta mbele yenu. Katika toleo la 1971 matukio yalipangwa kwa makisio. Safari hii alirudi kwenye shajara, zile daftari walizoandika wahamiaji wenyewe wakiwa njiani, akasoma akitafuta: mvua kubwa ilinyesha mara ngapi, na wapi, magari yalivunjika mara ngapi, watu waliugua lini, nani alisaidiwa na wenyeji, na kwa namna gani. Aliyoyapata akayageuza kuwa uwezekano ndani ya programu. Kuanzia hapo, mtoto aliponyeshewa kwenye tambarare, alikuwa ananyeshewa kwa kiasi kinachokaribiana na waliyoyapata wale wa mwaka 1847 na 1848. Bahati nasibu ya gemu ikawa imebeba ushahidi.

Mimi naamini hicho ndicho kilicholidumisha. Magemu ya shule yenye picha nzuri kuliko hili yalikuja kwa mamia na yamesahaulika. Hili lilikuwa na mtu aliyesoma daftari kuukuu na kuhesabu. Mtoto hajui kwamba nyuma yake kuna hesabu, lakini anaona kwamba dunia ile ina kanuni zake na haimwonei wala kumpendelea.

Mengine nitayapitia mbiombio. Mwaka 1978 Rawitsch aliuchapisha msimbo mzima katika jarida la Creative Computing, mwenye kutaka anakili. Mwaka huohuo MECC walinunua kompyuta 500 za Apple II kwa ajili ya shule za jimbo, na kampuni changa ya Apple ikapata mlango wa kuingilia madarasani. Mwaka 1985 timu iliyoongozwa na R. Philip Bouchard ililijenga gemu upya kwa Apple II, likiwa na rangi, na uwindaji wa kulenga badala ya kuchapa. Hilo ndilo wanalolikumbuka wengi. Mwaka 2016 liliingizwa katika Jumba la Heshima la Magemu ya Video Duniani, huko Rochester, New York, darasa moja na Space Invaders na Sonic.

Kwenye toleo la 1985 nina visa vitatu ambavyo siwezi kuviruka.

Cha kwanza ni nyama. Mtoto akishika bunduki huua kila kitu: nyati, swala, dubu. Halafu kompyuta inamjulisha kwamba ameua ratili elfu na kitu, lakini anaweza kubeba ratili 100 tu kurudi nazo kwenye gari, yaani kilo 45. Zilizobaki zinaozea porini. Hakuna maandishi ya kumkemea. Ni hesabu tu, na inamuuma.

Cha pili ni makaburi. Kiongozi wa msafara akifa, mchezaji anaruhusiwa kuandika maneno ya kaburini, na maneno hayo yanahifadhiwa kwenye flopi, ile diski ya gemu. Flopi ilikuwa ya shule, wanaitumia madarasa yote, kwa hiyo mtoto wa kesho akipita mahali pale analikuta kaburi la mtoto wa jana. Mnajua watoto waliandika nini. Matusi, majina ya walimu, nani anampenda nani. Kaburi mashuhuri kuliko yote ni la mtu aitwaye Andy, lililoandikwa maneno ya "peperony and chease", soseji ya pepperoni na jibini, na tahajia yake mbovu. Lilitokana na tangazo la televisheni la piza iitwayo Tombstone, lililokuwa likiuliza unataka nini juu ya kaburi lako. Ikawaje kaburi la Andy mmoja likaonwa na watu kila pembe ya nchi? Mtu aliidurufu ile flopi kinyemela, nakala ikazaa nakala, na kaburi likasafiri na nakala zote. Wizi wa programu ndio uliomfanya marehemu awe maarufu.

Cha tatu kinatuhusu sisi wa pwani hii. Mwanzoni unachagua wewe ni nani: mtu wa benki kutoka Boston mwenye dola 1,600, seremala wa Ohio mwenye dola 800, au mkulima wa Illinois mwenye dola 400. Mkulima akifika, alama zake zinazidishwa mara tatu. Za seremala mara mbili. Mwenye benki anapata zake zilezile. Umasikini umehesabiwa kuwa ugumu wa safari, nami nauona uamuzi wa haki. Lakini mtazameni huyo bwana wa Boston. Mwaka 1848, meli za kutoka Salem, bandari jirani na Boston, zilikuwa zinatia nanga Unguja zikiwa na marobota ya merikani. Marekani ilikuwa na mkataba na Sayyid Said tangu 1833, na balozi wake mdogo alikuwapo Unguja tangu 1837. Kitambaa kile kilivushwa mpaka hapa Bagamoyo, kikapanda bara begani kwa watu. Gemu halisemi hayo, na halikuwa na sababu ya kuyasema. Ila mtoto wa Bagamoyo akilicheza, mwalimu wake anaweza kusimamisha somo hapo na kumwonyesha fedha ya Boston ilikuwa inafika wapi.

Kuhusu pesa, nitasema kwa ufupi kwa sababu inaudhi. Wale walimu watatu hawakupata mrabaha. Mwaka 1995 waliitwa wakapongezwa hadharani, wakapigiwa makofi. MECC iliuzwa, ikamezwa mwaka 1996, na mwaka 1999 Mattel, hao wenye Barbie, walilipa takriban dola bilioni 3.5 kuichukua kampuni iliyokuwa imelishika gemu hilo na mengine mengi. Mwaka uliofuata wakaiachia kwa hasara ya kihistoria. Kistoo cha mafagio hakikuwamo kwenye mahesabu yao.

Familia ya gemu hili ilikua. Ikaja The Yukon Trail, ikaja The Amazon Trail, na mwaka 1995 ikaja Africa Trail, safari ya baiskeli kukatiza bara letu kutoka Bizerte, Tunisia, hadi Cape Agulhas kule kusini, kwa kufuata msafara wa kweli wa Dan Buettner wa mwaka 1992 na 1993. Kumbe tulishatembelewa.

Lakini liko moja ambalo nataka wanaopanga kutengeneza gemu la historia wakae nalo kitako. Liliitwa Freedom!, nalo lilitolewa na MECC haohao mwaka 1992. Mchezaji anakuwa mtumwa wa Kusini mwa Marekani anayetoroka kwenda Kaskazini, usiku, kwa kufuata nyota na kwa msaada wa watu wa siri. Nia ilikuwa njema, na ndani yake mlikuwa na ubunifu mkubwa: kama mhusika wako hajui kusoma, vibao vya njiani vinaonekana kwenye skrini kama herufi zisizoeleweka. Mtoto anayejua kusoma anaonja kutojua kusoma. Basi likafikishwa madarasani. Kuna shule ambamo mtoto Mweusi mmoja alikaa kati ya wenzake Weupe wanaochekelea kumkimbiza mtumwa kwenye skrini, na lahaja waliyopewa wahusika ikawa ya kuigizwa wakati wa mapumziko. Wazazi wakalalamika, na MECC wakaliondoa gemu sokoni. Daftari zilisomwa. Darasa halikusomwa.

Na The Oregon Trail lenyewe lilikuwa na deni kama hilo. Kwa miongo mingi wenyeji wa nchi ile walikuwa kivuli: watu wa kuogopwa, au wa kukuuzia chakula na kukuvusha mto. Toleo la 2021 la kampuni ya Gameloft ndilo lililowaita wanahistoria wa asili ya Wahindi Wekundu kushauri, likabadilisha majina, mavazi na hata upinde waliokuwa wanachorewa kila mara, na likaweka wahusika wa jamii hizo wa kuwachezea hadithi zao. Miaka 50 kasoro kidogo tangu kile kistoo.

Najua kuna mwalimu anawaza: haya ni ya wenye vifaa. Nimkumbushe jirani zetu wa Tanga. Kuanzia mwishoni mwa 2017, katika shindano la Global Learning XPRIZE, tableti zilipelekwa karibu vijiji 170 vya mkoa ule kwa watoto wapatao 2,700, wengi wao wasiojua kusoma, zikiwa na programu za Kiswahili na vituo vya kuchajia kwa jua. Baada ya miezi 15 watoto wakapimwa, na Mei 2019 Kitkit School na onebillion wakagawana dola milioni 10. Mtoto wa kijijini Tanga alishaijaribu kazi ya watu waliotoka Korea na Uingereza. Programu zile zilikuwa za kusoma, kuandika na kuhesabu. Historia haikuwamo.

Basi tuje nyumbani. Kutoka hapa hadi Ujiji ni takriban kilomita 1,200. Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871 akafika Ujiji Novemba. Lakini mimi simtaki Stanley awe mchezaji, ametosha kwenye vitabu. Nawataka walioandika kwa Kiswahili. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa hapahapa, aliandika safari yake ya Udoe na Uzigua. Selemani bin Mwenye Chande aliandika safari yake ya bara. Habari zao zimo katika mkusanyo wa Carl Velten, Safari za Wasuaheli, wa mwaka 1901. Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, aliandika maisha yake mwenyewe. Jacob Wainwright, mmoja wa waliouchukua mwili wa Livingstone pamoja na Chuma na Susi mpaka ukafika hapa Februari 1874, aliweka shajara, ingawa yake ni ya Kiingereza. Alichonacho Rawitsch na sisi tunacho, tena sehemu kubwa ni kwa lugha yetu.

Na njia yetu ingetoa gemu gumu kuliko la Oregon. Kule unanunua maksai. Huku mbung'o waliua ng'ombe, farasi na punda, kwa hiyo mzigo ulikwenda mabegani, kiasi cha frasila mbili kwa mtu, kilo 32 hivi. Maksai hagomi. Mpagazi hugoma, hutoroka, hudai posho, na Mnyamwezi anataka awahi kwao msimu wa kulima. Kule unapiga nyati. Huku unanunua chakula kwa nguo na shanga, na shanga zinazogombewa nchi moja zinakataliwa nchi ya pili. Ukikosea kufunga mizigo hapa mjini, utakumbuka ukiwa Ugogo. Ugogo kwenyewe maji ni ya kutafuta na hongo, yaani ushuru wa kupita, hulipwa kila penye mwenye kisima na nguvu. Ukikataa unapigwa, ukilipa ovyo nguo zinaisha kabla ya Tabora. Ndui ikiingia kambini, hakuna kitufe cha kuirudisha nyuma.

Halafu kuna lile ambalo hatuwezi kulizunguka. Misafara ile ilirudi pwani na pembe za ndovu, na ilirudi na watu waliofungwa. Nimesikia kijana mmoja akipendekeza mchezaji awe tajiri wa msafara, apate alama kwa faida. Mimi napinga kabisa. Siku mtumwa atakapoandikwa kwenye skrini kama idadi ya mali, tutakuwa tumefanya kwa makusudi lile ambalo Freedom! ilifanya kwa bahati mbaya, na tutakuwa tumelifanya katika mji ambao wajukuu wa pande zote mbili wanaswali safu moja. Mchezaji awe mpagazi. Ajue mzigo wake, mshahara wake, rafiki yake wa kambini na mnyapara wake. Waliofungwa awaone njiani kama alivyowaona mpagazi wa kweli, wana majina na kwao, na kuwe na maamuzi yenye gharama mbele yao. Kabla mstari mmoja wa programu haujaandikwa, wazee walioketi safu ya mbele waulizwe.

Kompyuta leo hatufungui. Kwenye meza ile kuna nakala za Mtoro na za Selemani. Walimu wa hesabu wakae pamoja na wa historia, msijitenge kwa masomo. Chukueni karatasi ya mistari, mpige safu nne: siku, mahali, lililotokea, na nguo ngapi zimetoka. Kundi la kwanza lihesabu hongo. La pili maradhi na vifo. La tatu liangalie wapagazi waliotoroka, wapi na baada ya jambo gani. Kiswahili cha miaka ile kina maneno yatakayowakwamisha vijana. Ukikwama, muulize mzee aliye karibu nawe, ndiyo maana tuliwaomba waje. Chai italetwa humuhumu mezani, ila tafadhali vikombe viwe mbali na nakala.